Tui Halikuwamo Daftarini

Maumivu haya yamenigharimu shilingi laki tisa na elfu arobaini. Hiyo ni hesabu ya kwanza. Nilipohesabu mara ya pili nikapata milioni moja na elfu sitini, kwa sababu mara ya kwanza niliona aibu kumtia mganga na kuku wake mweusi. Ongezeni kilo kumi na moja za mwili wangu, ambazo zimeondoka bila kunilipa chochote, na jina langu zuri, ambalo soko la Kibiti limeliuza kwa bei ya jioni, ile ya kumalizia mzigo.

Mimi ni mfanyabiashara wa nazi, mwaka wa ishirini na saba sasa. Boti za Mafia zikishusha mzigo Nyamisati, mimi nipo pale na kalamu nyuma ya sikio. Nazi huhesabiwa kwa kurushwa: mkono huu mbili, mkono ule mbili, hiyo nne, na kila ikifika mia moja unaweka moja pembeni iwe shahidi. Watu wengine huhesabu mara moja wakaondoka. Mimi hurudia. Mwenye boti mmoja aliwahi kuniambia kwamba siku nikifa nitawahesabu malaika mabawa, na nitadai moja limepungua.

Ndipo siku hiyo, niko mia sita na arobaini, kitu kikanikamata chini ya chembe cha moyo. Sikuwa na jina lake. Kilianza kama kidole kinachobonyeza, kikawa ngumi, kisha kikawa msumari uliopigiliwa mbele ukatokea mgongoni. Nikapiga magoti. Nikagundua kwamba nikiinama sana, kichwa karibu na mchanga, kinapungua kidogo. Basi nikakaa hivyo hivyo mbele ya rundo la nazi.

Wapakuzi hawana huruma, na sikuwalipa wawe nayo.

“Oya, tajiri anazisujudia nazi!”

“Muache bwana, anazinong'oneza zishuke bei.”

Nikawaambia asiguse mtu kitu. Nikamaliza hesabu nikiwa nimepiga magoti, natapika pembeni kati ya mia na mia. Zilipungua tatu. Mwenye boti akazitoa bila ubishi, mara yake ya kwanza, nikajua basi sura yangu ni ya maiti.

Asubuhi ile nilikuwa nimekula wali na kamba kwa mama ntilie wa pale pale, sahani mbili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ndogo. Nalitaja hilo sasa. Wakati ule hata halikunipitia kichwani. Nilipanda bodaboda mpaka Kibiti nimejikunja mgongoni mwa dereva, na kila shimo la barabara ile nalijua kwa tumbo.

Kibiti kila mtu ni daktari wa tumbo. Ukishika tumbo mbele ya watu watatu utapewa magonjwa matano, na yote ni vidonda vya tumbo. Dada yangu mkubwa, ambaye naishi naye (mke wangu alinishinda, au mimi nilimshinda, hesabu hiyo sijaimaliza), akasema ni vidonda. Muuza sigara akasema ni vidonda. Fundi baiskeli, ambaye hajui hata kuziba pancha ikazibika, akanibonyeza kwa kidole chenye grisi akasema, “Hapo hapo. Vidonda.”

Stendi kulikuwa na bwana mmoja mwenye kipaza sauti na dumu. Dawa yake ilitibu vidonda vya tumbo, kisukari, mgongo, nguvu za kiume na mkosi wa kuachwa. Mtu mwenye akili angejiuliza: mwenye dawa ya mambo yote hayo angekuwa anapayuka juani stendi ya Kibiti, miguuni kavaa kandambili mbili zisizofanana? Nilijiuliza hivyo hivyo. Kisha nikapatana naye mpaka nusu ya bei, nikaondoka najiona mjanja. Yalikuwa maji ya mwarobaini yaliyotiwa sukari. Nusu ya bei ya upuuzi bado ni bei.

Mganga, yule wa upande wa Mohoro, alitazama ndani ya bakuli la maji akasema nimetupiwa kitu na mtu wa karibu, anayefanya kazi kama yangu, na ananichekea. Kila mtu duniani ana mtu wa karibu anayefanya kazi kama yake na anamchekea. Huo si uganga, huo ni kutazama soko. Lakini mtu mwenye maumivu ni mteja wa hovyo kuliko wote; nilitoa kuku mweusi, nikatoa na kaniki, na kwa wiki mbili nzima sikuitikia salamu ya jirani yangu wa soko, anayeuza nazi meza ya pili kutoka yangu. Kuku alichinjwa, akaliwa, si na mimi. Jirani hakujua kosa lake. Alilijua baadaye, akalipa na riba.

Shambulio la pili lilinikuta nyumbani, baada ya chakula cha mchana. Hapo dada akakodi bajaji, tukaenda hospitali.

Muuguzi alikuwa binti mwenye haraka. Akasimama na karatasi yake, akaniuliza, “Baba, maumivu yako, kutoka moja mpaka kumi, ni ngapi?”

Sasa. Mimi mtu akiniuliza ngapi, sitaji ya mwisho. Hilo nilifundishwa kabla sijafundishwa kufunga vifungo vya shati. Kumi ndiyo ilikuwa ndani ya tumbo langu, kumi na kitu, lakini nani anaanza na kumi? Nikasema, “Nne.” Nilitegemea aseme hapana, ongeza, nami nipande tano, yeye asukume, tukutane saba kwa heshima.

Akaandika nne, akaenda zake.

Nikabaki kwenye benchi. Kijana mmoja mwenye jipu alisema tisa, akaingizwa. Mama mwenye kidole kilichobanwa na mlango alisema kumi, akaingizwa mbio. Nikawatazama kwa dharau, kwa kuwa hawakujua kupatana. Kisha msumari ukazunguka, nikainama mpaka paji la uso likagusa magoti, nikapiga kelele, “Muuguzi! Saba!”

“Saba nini, baba?”

“Nimepanda. Saba.”

“Kwani tunauziana?”

“Haya, nane na nusu. Mwisho.”

Akaja akachuchumaa, akanitazama usoni. “Baba yangu, hapa si sokoni. Ni ngapi ya kweli?”

“Kumi.”

“Na kwa nini mwanzo ulisema nne?”

“Nilikuachia nafasi.”

Dada alitazama ukutani kama mtu asiyenijua. Binti yule, nampa haki yake, hakucheka mpaka alipogeuka. Nikatundikiwa chupa ya maji pale pale benchini, nikachomwa sindano. Na akiwa bado ameshika mkono wangu, kwa sauti ile ya kuita majina, akauliza, “Unatumia pombe?”

“Mimi Muislamu.”

“Sijauliza dini, baba. Nimeuliza pombe.”

“Situmii.”

“Hata kidogo? Hata mnazi?”

Kwenye benchi lile lile alikuwa amekaa mke wa jirani yangu wa soko, amekuja kuchukua vipimo vyake. Alikuwa amejifunika khanga mpaka puani, na juu ya khanga macho yake yalikuwa yameshakamilisha habari. Nilikaa siku nne wodini. Nilipotoka, soko zima lilikuwa linajua kwamba yule mzee wa nazi, na swala zake zote, anakunywa kisirisiri mpaka tumbo limeungua, na ndiyo maana zile wiki mbili hakuitikia salamu: alikuwa anaficha harufu. Naukubali ujuzi. Uongo ule ulikuwa na kila kitu, hata ushahidi wangu mwenyewe ulikuwamo.

Hospitali wakaniandikia barua ya kwenda Dar. Huko walinipiga picha ya tumbo kwa kile kifaa cha kupaka mafuta baridi, wakachukua damu, na daktari, mama wa makamo mwenye miwani, akasema ni kongosho. Limevimba. Nikamwambia dada kwamba ni kongosho, naye akakunja uso.

“Kongosho ndiyo nini? Mbuzi nimepasua toka usichana wangu. Ini nalijua, bandama naijua, figo nazijua. Hiyo kongosho sijawahi kuikuta.”

Nami nilikuwa sijawahi. Ndilo linaloniudhi zaidi. Moyo ukikuua, ni moyo, watu huuimba. Ini lina heshima yake. Mimi nasumbuliwa na kiungo kisicho na jina buchani, kinachojificha nyuma ya tumbo kama mdaiwa nyuma ya mlango, kazi yake kusaga mafuta, na hiyo moja tu inakishinda.

Daktari hakuwa na mzaha. Akauliza tena habari za pombe, nikaapa; akatafuta vijiwe kwenye nyongo, hakuviona. Akasema kuna watu kongosho lao huwaka bila sababu kupatikana, lakini kuna vitu vinavyoliamsha, na kinachoongoza ni mafuta. Kisha akavua miwani. “Umeshaugua vibaya mara mbili. Ukipata shambulio jingine kama hili la mwisho, siwezi kukuahidi kwamba utatoka hospitali kwa miguu yako. Acha mafuta. Kula kidogo kidogo. Na uandike kila unachokula na kila unapoumwa, mpaka tumjue adui. Kila kitu, mzee wangu. Umenielewa? Kila kitu.”

Kuniambia mimi niandike kila kitu ni kumwambia mpika pilau aonje chumvi. Nilinunua daftari la kurasa tisini na sita nikiwa bado Mbagala, nikalipiga mistari kwenye basi: saa, chakula, kiasi, maumivu. Safu ya maumivu niliamua kuandika bei ya kweli.

Wiki za kwanza adui alijileta mwenyewe. Chapati mbili: sita. Mayai ya kukaanga: tano. Supu ya utumbo: saba, na matapishi. Chipsi nilijaribu mara moja tu, kwa utafiti, nikaandika nane kwa mwandiko uliopinda. Hivyo nilivifukuza bila huzuni. Chipsi ni nini? Ni viazi vilivyoogeshwa kwenye mafuta ya juzi na mtu asiyeoga yeye. Dumu la mafuta ya kupikia lililobaki nusu nikamgawia jirani wa nyumbani, naye akalipokea akinitazama kwa huruma, kama mtu anayesaidia kuficha chupa za mlevi.

Dada alifurahi. Alikuwa hajapata kuyapenda mafuta ya dukani. “Haya ndiyo yanayomaliza watu,” alisema. “Mama alipika na dumu gani? Hakuwa na dumu. Na hakuumwa tumbo siku hata moja. Mimi nitakupikia chakula cha mama, tone la mafuta halitaingia jikoni kwangu.”

Na kweli halikuingia. Daftari langu la mwezi ule ni zuri hata kulitazama. Wali, mchicha, changu wa kuchemsha. Wali, maharage. Ndizi mbichi. Wali, kisamvu. Magimbi. Muhogo. Safi, hakuna kitu cha kukaangwa, sheikh na daktari wote wangeweka sahihi. Na upande wa kulia: nne. Tano. Tano. Tatu. Sita.

Nikaanza kutafuta adui kwa hesabu. Nilikishuku kisamvu, nikakitoa, maumivu yakabaki. Nikashuku nyanya. Nikashuku chumvi ya mawe. Nikashuku maji ya kisima, nikanunua ya chupa, nikapatana bei ya katoni. Kwa muda niliishuku Alhamisi, maana Alhamisi mbili mfululizo ziliandikwa sita. Nikamshuku jirani wa soko upya, nikajizuia, kuku weusi wamepanda bei. Dada kila nikiumwa aliongeza bidii: aliniwekea bakuli jingine, akanisimamia nile.

Shambulio la tatu likaja. Dada alinisomea Yasini kwenye bajaji, sauti yake inatetemeka kwa mashimo na kwa hofu, na mimi nimeinama kati ya magoti yangu nikijisemea: basi, hili ndilo lile daktari alilosema. Muuguzi alikuwa yule yule. “Ngapi leo?” Nikasema kumi, bei moja. Nikaingizwa kabla sijakaa.

Nilitoka kwa miguu yangu, lakini si kwa tofauti kubwa. Nikaenda Dar na daftari kwapani, nina hasira ya mteja aliyeuziwa mali mbovu. Nikaliweka mezani. “Daktari, nimeacha mafuta. Nimeandika kila kitu. Soma. Dawa yako haifanyi kazi.”

Akasoma kurasa tatu. Akarudi ukurasa wa kwanza.

“Hapa, wali. Umepikwa na nini?”

“Na maji.”

“Na nini tena?”

“Chumvi.”

“Na nini tena, mzee wangu?”

“Na tui, daktari. Wali utapikwaje?”

Akashusha kidole mstari mmoja. “Mchicha?”

“Tui.”

“Maharage?”

“Tui. Lakini kidogo.”

“Samaki umeandika wa kuchemsha.”

“Amechemshwa. Kwenye tui.”

“Magimbi? Ndizi? Muhogo?” Kila neno alilitaja kwa kidole, na kila kidole mimi nilijibu neno lile lile, na sauti yangu ilikuwa inashuka kama bei ya samaki saa kumi. “Mbona hukuliandika hata mara moja?”

Nikamwambia ukweli: nani anaandika maji? Nani anaandika sufuria? Kwetu mafuta ni kitu cha kwenye dumu. Tui ni tui. Ukimwambia mtu wa Rufiji apike bila mafuta, ndipo anaposhika nazi. Mchicha usio na tui si mchicha, ni majani yaliyolowa. Hata mgonjwa anayekataa kula, anapikiwa uji wa tui ili apate nguvu.

“Unafanya kazi gani?” akaniuliza. Nilikuwa nimeandikisha “biashara” tu.

“Nauza nazi.”

“Kutoa lita moja ya mafuta ya nazi unahitaji nazi ngapi?”

Hapo ndipo nilipojiona. Mtu wa kuuliza swali hilo Kibiti anatumwa kwangu mimi. Akina mama wanaochemsha tui mpaka likatoa mafuta, ya nywele na ya kukandia watoto, wananunua kwangu, na ni mimi ninayewaambia: “Kumi na mbili zikiwa nzuri. Kumi na tano zikiwa za kiangazi.”

“Na nyumbani kwako zinapikwa ngapi kwa siku?”

“Mbili.” Nikahesabu tena. “Tatu, nikiwa naumwa. Dada huongeza.”

Akaniacha nifanye hesabu iliyobaki peke yangu. Ilikuwa heshima, nadhani, au ulikuwa uvivu. Lita moja kila siku nne au tano, nyumba ya watu wawili, na mmoja wao anasimamiwa ale. Miaka ishirini na saba nimewasifia watu mafuta ya nazi zangu, nikiipasua moja mbele yao na kuwaonyesha unene wa nyama yake, kisha nikarudi nyumbani kuulizana na kisima.

Sikukata tamaa mara moja. “Daktari, tui la kwanza, au hata la pili?”

“Yote.”

“La kwanza nakuachia. Lile zito, sawa. La pili ni maji maji.”

“La pili pia.”

“La tatu basi. La tatu ni la kuoshea mikono, daktari, hata paka haligusi.”

Akatazama saa. “La tatu, vijiko viwili, mara moja kwa wiki, na likikuuma unaacha.”

“Vitatu.”

“Mzee, unapatana na kongosho lako, si na mimi.”

Tukaishia viwili. Ni bei mbaya kuliko zote nilizowahi kukubali, na sikuwa na boti nyingine ya kwenda.

Dada alipokea habari akiwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi ya mchana. Alisimamisha mikono. Hakuinua kichwa.

“Kwa hiyo ni mimi.”

“Sijasema wewe, dada. Nimesema tui.”

“Tui linajipika? Mama alipokufa ulikuwa na miaka sita, nani alikulisha? Nilikulisha nini, petroli?” Akaendelea kukuna, kwa nguvu zaidi. “Huyo daktari wako kwao wanakula nini? Kwao wanakula ugali na maziwa ya mgando, ndiyo maana anachukia nazi. Na wewe muuza nazi unakubali! Nenda basi kawaambie wateja, nazi sumu, uone utakula nini.”

Lakini alijaribu, na nasema hivyo kwa sababu ni haki yake. Alikalia mbuzi kwa kufua nguo tu. Alinipikia wali wa maji, mchicha wa maji, samaki wa kuchoma na ndimu. Kilikuwa chakula cha mahabusu. Alikila pamoja nami, bakuli lile lile, akitafuna kama anayesaini karatasi ya polisi. Daftari likaanza kuandika vitu ambavyo sikuwahi kuviona: moja. Sifuri. Sifuri. Moja. Sifuri. Nililala nimenyooka. Nilihesabu mzigo wa nazi elfu moja na mia mbili pale Nyamisati nikiwa nimesimama, mara mbili, na wapakuzi wakaendelea kurusha.

Isipokuwa Ijumaa. Ijumaa ya pili: tatu. Ijumaa ya tatu: nne. Ijumaa ya nne: tano, na kutwa nzima ya Jumamosi nimeinama. Nilikumbuka upuuzi wangu wa Alhamisi, nikajionya nisianze kushuku siku za Mungu. Nikatafuta kwenye daftari: wali wa maji, kuku wa kuchemsha. Hakuna kitu. Wali wa Ijumaa niliuona mtamu zaidi, nikadhani ni njaa ya kutoka msikitini.

Ila nina daftari la pili. Nazi za kuuzia mlangoni nyumbani huwa naziweka konani, sitini, na kila inayouzwa naiandika. Wiki zile zilikuwa zinapungua moja moja. Nilidhani wateja wananiibia, na nilishaanza kumtazama vibaya mama mmoja mwenye kikapu kikubwa. Siku ile ya Jumamosi, kwa kuwa sikuweza kufanya kingine, nikayaweka madaftari mawili pamoja kitandani. Nazi ilipungua Ijumaa. Kila Ijumaa. Moja.

Ijumaa iliyofuata nikahesabu kabla ya kwenda msikitini: hamsini na nane. Nikahesabu tena: hamsini na nane. Niliporudi: hamsini na saba. Nikaenda jikoni. Nyuma ya mlango kifumbu cha kukamulia tui kilikuwa kimetundikwa, kinadondoka maji.

Dada alikuwa anapakua. Aliniona naona.

“Ijumaa mtu ale chakula,” alisema.

“Umetia la tatu?”

“La kwanza. La tatu lina ladha gani?”

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi makali, nimeyapanga barabara nzima. Nikamwambia lile alilosema daktari, kwamba ningeweza kutotoka kwa miguu yangu. Akakaa chini, kijiko mkononi.

“Umekonda mpaka kanzu ndiyo inakuvaa wewe,” alisema. “Sokoni wanasema mlevi hukonda hivyo. Wanawake wananiuliza, mdogo wako unampa nini? Na wengine wanasema nakukausha nirithi nyumba. Nikuangalie unaisha, nami nimeshika maji moto?” Kisha akaongeza, kwa chuki ya kweli, “Kongosho! Hata jina lake baya.”

Hilo tulikubaliana.

Akaapa kwamba haitarudiwa, na haijarudiwa, nimehesabu. Kona ina sitini zake, pungufu ya zilizouzwa tu. Jumapili moja moja nala vijiko vyangu viwili vya tui la tatu, navipima, na daftari linaandika moja.

Lakini sasa kuna hitma ya mama yetu. Tunaisoma kila mwaka, na mwaka huu dada ameitangaza kubwa, ili soko zima lije lione kwamba nyumba hii si ya walevi. Wali wa nazi, nyama ya mbuzi ya nazi, tui la kwanza, masinia kumi. Kwetu mwenye hitma hukaa sinia la kwanza na mashehe, na hutia mkono kabla ya wote, wageni wajue chakula ni salama. Jirani yangu wa soko amekubali kuja, na mke wake, yule wa khanga. Nikila, nimesoma bei yangu kwenye daftari. Nisipokula, mlevi, au vibaya zaidi, mtu asiyekiamini chakula cha dada yake, mbele ya watu hamsini.

Nimejaribu kupatana. Nilimwambia dada anipikie kijisufuria pembeni. “Mwenye hitma akila sufuria yake, wageni watajiuliza yao ina nini.” Nikasema nitakuwa safarini Nyamisati. “Hitma ya mama yako, wewe unahesabu nazi?” Nikasema nitatia mkono nichukue tonge moja dogo. Hilo lilimfikirisha, lakini nyinyi mnajua sinia: mashehe husukumizia mwenyeji minofu, huku wanamtazama mdomo.

Basi nyinyi mnaosoma, na hasa mwenye kongosho kama langu aliyewahi kukalia sinia la kwanza akasimama salama. Nazi za hitma ni arobaini, ziko konani, nimezihesabu mara mbili. Zitakunwa Ijumaa ya wiki ijayo asubuhi. Nishaurini kabla ya hapo: bismillahi ikishasomwa, huu mkono wangu niuweke wapi?